Kompyuta Zilizokesha: Kisa cha Ruhusa ya Kulala katika Maabara ya Shule

Mazingira

Shule ni ya sekondari, hapa Tanzania, yenye hosteli ndogo. Jina lake, mkoa na chochote kinachoweza kumtambulisha mhusika nimeviondoa. Maabara yake ina kompyuta 14 za mezani, zote zimewekewa Ubuntu 22.04, mfumo endeshi wa familia ya Linux. Kila kompyuta ina akaunti mbili: "mwanafunzi", isiyo na mamlaka yoyote juu ya mfumo, na "mwalimu", ambayo ni ya msimamizi. UPS, kile kifaa cha akiba ya umeme, hakuna. Umeme ni wa LUKU, na mita ya maabara ndiyo hiyohiyo inayolisha ofisi ya walimu na darasa ambalo wanafunzi wa hosteli hujisomea usiku.

Shida ilianzia kwenye mita hiyo. Mwalimu wa TEHAMA alikuwa akipita kila jioni kuzima kompyuta moja moja, lakini siku akiwa na kikao au amekwenda msibani, zinakesha. Kompyuta ya mezani iliyowashwa bila kazi hula makumi ya wati, ikilala hubaki na wati chache za kuishikilia kumbukumbu yake. Zidisha mara 14, usiku kucha, kisha wafikirie vijana wa kidato cha nne ambao yuniti zinawaishia katikati ya swali la hesabu. Mwalimu aliliona hilo kwa macho yake, na ndiyo maana alilifuatilia kwa uchungu kuliko mtu anayetafuta tu kupunguza bili.

Alitaka zilale zenyewe saa kumi na moja na nusu jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa nini zilale badala ya kuzimwa? Kipindi ni dakika 40, na mashine kuukuu ikianza kuwaka kutoka mwanzo hukila kipindi kabla mwanafunzi hajagusa kibodi. Tulifikiria pia ile mipangilio ya kawaida ya kulala baada ya muda bila kuguswa. Alikwishaijaribu mwenyewe akaikataa: akieleza somo ubaoni kwa dakika 20, akigeuka anakuta skrini 14 nyeusi.

Kilichotokea, hatua kwa hatua

Kabla ya kuniita, mwalimu alikuwa ameandika mstari huu kwenye crontab ya akaunti yake, yaani orodha ya amri ambazo programu iitwayo cron huziendesha kwa saa zilizopangwa (namba mbili za mwanzo ni dakika na saa, `1-5` ni Jumatatu hadi Ijumaa, na `systemctl suspend` ni amri ya kulaza mashine):

`30 11 * * 1-5 systemctl suspend`

Kabla ya kuuandika aliijaribu amri yenyewe. Alikaa mbele ya kompyuta, akafungua terminali (dirisha la kuandikia amri), akaandika `systemctl suspend`, mashine ikalala papo hapo bila kuuliza nenosiri. Kwa hiyo alikuwa na hakika kwamba amri ni nzima na ruhusa anayo. Jioni ilipofika, hakuna kilicholala.

Kosa la kwanza nililiona mara tu aliponisomea mstari huo kwa simu. Saa kumi na moja na nusu jioni, kwa cron, ni 17:30. Namba 11 aliyoandika ni saa tano na nusu asubuhi. Sisi tunaohesabu saa kuanzia macheo tunalifanya kosa hili mara nyingi kuliko tunavyokiri, na si la mwalimu huyu peke yake. Alibadilisha ikawa `30 17`. Kesho yake asubuhi alinipigia tena.

"Fundi, zimekesha tena."

"Zote, Mwalimu?"

"Zote. Hata ile niliyoiacha wazi nikiwa nimeingia mwenyewe."

Jibu hilo lilinisumbua. Ikiwa mstari ulikuwa na saa ya asubuhi kwa siku kadhaa, mbona kompyuta hazikulala saa tano na nusu katikati ya kipindi? Hakuna aliyelalamika. Maana yake kulikuwa na makosa mawili, na la pili lilikuwa limelificha la kwanza. Kama ruhusa ingekuwapo tangu siku ya kwanza, darasa zima lingezimikiwa skrini na saa mbaya ingegundulika siku hiyohiyo.

Nilikwenda shuleni. Kwanza nilitaka kujua kama cron inafanya kazi kabisa:

`grep CRON /var/log/syslog`

Ilikuwa inafanya kazi. Mstari wa kazi hiyo ulikuwapo kila siku, na amri imeandikwa wazi: `CMD (systemctl suspend)`. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine ambao wengi huupita bila kuusoma: `No MTA installed, discarding output`. Cron hupeleka majibu ya amri kwa barua ya ndani ya mashine, na pasipokuwa na programu ya barua, majibu hutupwa. Amri ilikuwa ikieleza sababu ya kushindwa kila siku, na hakukuwa na mahali pa kuyaweka maelezo yake.

Nikayafungulia njia, nikaweka saa ya dakika mbili mbele:

`systemctl suspend >> /home/mwalimu/usingizi.log 2>&1`

Dakika mbili baadaye faili lilikuwa na maneno haya: `Failed to suspend system via logind: Interactive authentication required.` Kwa maneno mengine, mfumo ulitaka mtu athibitishe nenosiri, na pale palikuwa na cron tu, isiyo na mtu wala kibodi.

Mwalimu akapendekeza kuweka `sudo`, inayoiendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi, mbele ya amri. Tulijaribu. `sudo` nayo ikalalamika kwamba inahitaji terminali ya kusomea nenosiri. Ukuta ni uleule, mlango tu ndio tofauti.

Jaribio la viti vitatu

Hapa ndipo kisa kilipofunguka, nami naomba msomaji asiharakishe. Tulichukua kompyuta moja, akaunti moja ("mwalimu") na amri moja, tukaitoa kutoka sehemu tatu.

Kwanza, mwalimu amekaa mbele ya kompyuta, ameingia kwa skrini ya kawaida. Ikalala bila swali.

Pili, tukaiamsha, tukaingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta kupitia mtandao) kutoka kompyuta ya jirani kwa akaunti ileile. Amri ileile ikatoa mistari ya kuomba uthibitisho, ikasubiri nenosiri la msimamizi. Tulipoliandika, ikalala.

Tatu, kupitia cron. Ikakataliwa.

Mtu ni yuleyule, amri ni ileile, na majibu ni matatu. Ruhusa hii basi haikuwa inamfuata mtu, ilikuwa inafuata mahali alipokaa. Kuthibitisha, tuliuliza mfumo wenyewe:

`pkaction --verbose --action-id org.freedesktop.login1.suspend`

Majibu yalikuwa na mistari mitatu ya maana: `implicit any: auth_admin_keep`, `implicit inactive: auth_admin_keep`, `implicit active: yes`. Sheria hii inasimamiwa na polkit, ile sehemu ya Linux inayoamua nani aruhusiwe kufanya lipi bila kuwa root, yule mtumiaji mwenye mamlaka yote. Aliyeketi mbele ya mashine akiwa na kikao hai (ameingia, na skrini ni yake) anaruhusiwa moja kwa moja. Aliyeingia kutoka mbali, au mwenye kikao ambacho skrini imekwishahamia kwa mwingine, anatakiwa nenosiri la msimamizi. Kazi ya cron haina kikao cha aina yoyote, hivyo inaangukia mstari wa kwanza, na kwa kuwa hakuna wa kuulizwa, inakataliwa.

Sheria ina busara yake. Aliye mbele ya kompyuta anaweza kubonyeza kitufe cha umeme hata hivyo, kumnyima usingizi hakulindi chochote. Aliye mbali anaweza kuwa analaza mashine ambayo mwenzake anaifanyia kazi. Mwalimu alipoielewa hivyo, hasira yake kwa kompyuta ilipungua sana.

Maamuzi, na yale tuliyoyakataa

Kulikuwa na njia kadhaa, na baadhi zilikuwa na mvuto wa haraka.

Njia ya kwanza, ambayo mwalimu alikuwa tayari ameiona mahali, ni kuiambia `sudo` isiulize nenosiri kabisa kwa akaunti yake. Nilikataa bila kusita. Akaunti ile hubaki wazi mezani mwalimu akiitwa ofisini, na mwanafunzi mmoja mdadisi angekuwa na mamlaka yote juu ya mashine. Ipo namna ya wastani, ya kuiruhusu amri moja tu kwenye faili ndani ya `/etc/sudoers.d/`, na hiyo ingefaa. (Ukiifuata, jina la faili lisiwe na nukta: `usingizi.conf` halisomwi kabisa, na mfumo haukwambii.) Bado, kuipitisha kazi ya mashine kwenye akaunti ya mtu hakukunikaa vizuri. Mwalimu akihamishwa shule na akaunti ikifutwa, usingizi nao unakwenda.

Njia ya pili ilikuwa kubadilisha sheria ya polkit yenyewe. Hapa nilipoteza karibu saa nzima, na kosa ni langu. Niliandika kanuni kwa mtindo mpya, ule wa JavaScript, nikaiweka kwenye `/etc/polkit-1/rules.d/`. Hakuna kilichobadilika na hakuna kosa lililoonekana. Nilikagua mabano, nikakagua jina la akaunti, nikaiwasha mashine upya. Kumbe Ubuntu 22.04 bado inatumia polkit 0.105, ambayo haijui habari ya folda hiyo. Yenyewe husoma mafaili ya mtindo wa zamani yanayoishia na `.pkla`. Mtindo wa JavaScript unasomwa na matoleo mapya kama lile la 124 lililo ndani ya Ubuntu 24.04, na huko `.pkla` ndiyo isiyosomwa mpaka uongeze kifurushi chake. Ningeweza kuandika `.pkla` pale pale, lakini ingekufa kimya siku shule itakapopandisha toleo, na wakati huo mimi huenda sipo.

Kulikuwa na pendekezo la kuibandikia `systemctl` ruhusa ya kuendeshwa kama root na yeyote yule. Hilo lisifanywe popote, na hasa si kwenye maabara ya shule.

Tuliyoichagua ni kuifanya kazi hii iwe ya mfumo wenyewe: huduma ndogo ya systemd (programu inayosimamia huduma za mfumo) na kipima muda chake, vyote ndani ya `/etc/systemd/system/`. Huduma ya namna hii huendeshwa na root tangu mwanzo, kwa hiyo swali la polkit halizuki. Na wala haikumwongezea mtu yeyote ruhusa mpya. Akaunti ya mwanafunzi ilibaki kama ilivyokuwa, ya mwalimu vilevile. Crontab ya root ingetimiza hayo pia. Nilipenda kipima muda kwa sababu majibu yake hayatupwi: `journalctl -u usingizi.service` inaonyesha kila jioni ilivyokwenda, na `systemctl list-timers` inamwonyesha mwalimu, kwa tarehe na saa, mashine italala lini tena.

Huduma, `usingizi.service`, kwa umbo lake la kwanza:

```
[Unit]
Description=Laza kompyuta jioni

[Service]
Type=oneshot
ExecStart=/usr/bin/systemctl suspend --check-inhibitors=yes
```

Na `usingizi.timer`:

```
[Timer]
OnCalendar=Mon..Fri 17:30
Persistent=true

[Install]
WantedBy=timers.target
```

Kile kipande cha `--check-inhibitors=yes` kina sababu. Katika toleo hili, root akiamuru mashine ilale, mazuio yaliyowekwa na watumiaji (maombi ya "usilale kwanza") hayaangaliwi isipokuwa uombe yaangaliwe. Mwalimu hubaki siku za mitihani akiingiza alama, na sikutaka mashine imlalie mikononi. Tulimwekea alama ya kubofya kwenye eneo-kazi iliyoandikwa "Bado nipo kazini", inayoendesha hii:

`systemd-inhibit --what=sleep --why="Mwalimu yupo kazini" sleep 3h`

Hiyo haihitaji nenosiri, kwa kuwa anaibofya akiwa ameketi hapo hapo. Sheria ileile iliyotukwaza mwanzo sasa ilikuwa upande wetu.

Matokeo

Jioni ya kwanza, mwalimu na mimi tulisimama mlangoni. Saa kumi na moja na nusu feni zilianza kunyamaza, moja baada ya nyingine, na ndani ya dakika moja hivi chumba kilikuwa kimya. Mashine 13 zililala na kuamka vizuri. Moja ililala ikakataa kuamka.

Halafu yakaja matatizo mawili ambayo sikuyatarajia.

La kwanza lilitoka kwangu moja kwa moja. Umeme ulikatika mchana mmoja, shule ikafunga bila kompyuta kuwashwa tena. Asubuhi yake wanafunzi waliziwasha, na kompyuta zikalala mara tu baada ya kuwaka. Ni ile `Persistent=true`. Maana yake ni "kama saa ilipita nikiwa nimezimwa, nifanye kazi hiyo mara nitakapowashwa". Kwa kazi ya kuhifadhi nakala za mafaili ni jambo jema. Kwa usingizi ni balaa. Niliuondoa mstari huo siku hiyohiyo.

La pili lilikuwa la ndani zaidi. Mwanafunzi aliilaza kompyuta yake mwenyewe saa kumi jioni. Ilipoamshwa kesho yake asubuhi, ilijilaza tena. Hapakuwa na `Persistent`, mashine haikuwa imezimwa. Ilichofanya ni hiki: saa 17:30 ilipita ikiwa usingizini, na kipima muda kinachofuata saa ya kalenda kikizinduka na kukuta wakati wake umepita, kinatekeleza hapo hapo. Dawa ilikuwa kuiongezea huduma sharti la saa, juu ya mstari wa `ExecStart`:

`ExecCondition=/usr/local/sbin/saa-ya-kulala`

na skripti yenyewe:

```
#!/bin/sh
saa=$(date +%H%M)
[ "$saa" -ge 1730 ] && [ "$saa" -lt 1800 ]
```

Sharti lisipotimia, huduma inarukwa bila kuhesabiwa kuwa imeshindwa. Niliiweka kwenye faili lake, nje ya huduma, kwa sababu alama ya asilimia ina maana yake maalumu ndani ya mafaili ya systemd, kama ilivyo kwenye crontab, ambako inaikata amri katikati. Kwenye skripti ya kawaida inabaki asilimia tu.

Uchambuzi

Kilichotupoteza zaidi ya yote ni jaribio la mwanzo kabisa, lile la mwalimu kukaa mbele ya mashine na kuandika amri. Lilikuwa jaribio la kweli la kitu kingine. Lilithibitisha kwamba mtu aliyeketi pale anaweza kuilaza kompyuta, ilhali kazi ingefanywa na asiyeketi popote. Ruhusa za aina hii zinapima mazingira ya anayeomba, kwa hiyo jaribio linalohesabika ni lile linalotoka kwenye mazingira yenyewe: kwa cron, mstari uliowekwa dakika mbili mbele, na kwa systemd, `sudo systemctl start usingizi.service`, ambayo inaiendesha huduma kwa hali ileile itakayoendeshwa na kipima muda. (Kwa huduma yenye sharti la saa, inabidi uulegeze muda kwanza, kisha uurudishe.)

Kuyafungulia majibu ya cron njia kungepaswa kuwa jambo la kwanza kabisa. Siku tano mashine zilikuwa zikitamka kosa lao na sisi tunabahatisha. Nilipolisoma faili la logi, kazi ya utambuzi ilichukua muda mfupi kuliko safari ya kufika shuleni.

Jambo lililofanya kazi vizuri ni kutotafuta ruhusa kubwa. Kila tulipokwama palikuwa na kishawishi cha kufungua mlango wote: nenosiri liondolewe, au apewe kiranja wa maabara azime jioni. Mwalimu alikuwa karibu kumpa kiranja nenosiri hilo. Ni kijana mwaminifu, simtilii shaka, lakini nenosiri la msimamizi likishatoka kwa mmoja halirudi, na ni mzigo usio wa haki kumtwisha mtoto wa shule.

Kuhusu kukatika kwa umeme, uamuzi wa kulaza badala ya kuzima una gharama ambayo hatukuiondoa. Kompyuta iliyolala inashikilia kazi kwenye kumbukumbu inayotegemea umeme. Umeme ukikatika usiku, hati isiyohifadhiwa imepotea. Tuliandika kwa maki nyekundu juu ya ubao wa maabara, "Hifadhi kazi kabla ya saa 11 jioni", na Ijumaa tukaitenga: siku hiyo huduma nyingine inazima kabisa badala ya kulaza, kwa kuwa wikiendi ni ndefu mno kuibahatisha.

Ile kompyuta moja iliyokataa kuamka tuliihangaikia siku nzima. Skrini inabaki nyeusi, feni inazunguka, haiitiki kwa SSH wala kwa kibodi. Hilo si suala la ruhusa tena, ni la maunzi au kiendeshi chake, na sikupata jibu. Tumeifungia njia ya usingizi kwa `sudo systemctl mask sleep.target suspend.target`, tukaibandika karatasi mbele, na kiranja anaizima kwa kitufe kila jioni akifunga madirisha.